Kusafiria Nyota ya Mwenzio: Utawala wa Ujuzi Mkubwa katika Pwani ya Malindi na Kilifi, kutoka 1498 hadi Zama za Akili Unde

Utangulizi

Wahenga walituusia: usisafirie nyota ya mwenzio. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa ni onyo juu ya bahati, kwamba kilichomfaa jirani huenda kisikufae wewe. Lakini kwa watu wa pwani, ambao wazee wao walivuka bahari kwa kupima nyota, maneno haya yana maana iliyo karibu zaidi na chombo chenyewe. Anayesafiri kwa nyota asiyoijua hana budi kumtegemea aliyeisoma. Na anayemtegemea mwingine kwa njia hawezi kuamua peke yake mahali pa kutia nanga.

Makala haya yanakusudia kulitazama jambo hilo katika historia ya pwani ya Malindi na Kilifi, kisha kulihusisha na ujuzi unaowashughulisha walimwengu leo, yaani ujuzi wa mashine zinazosoma, kuandika, kusema na kutoa maamuzi yaliyokuwa yakitolewa na binadamu. Mjadala juu ya maadili na utawala wa mashine hizo umezoea kuendeshwa kana kwamba ulianza jana, tena mbali na kwetu. Dai letu ni kwamba pwani hii imekwisha kukutana, zaidi ya mara moja, na ujuzi mkubwa ulioshikwa na wengine, na kwamba kumbukumbu za makutano hayo zatupa vipimo vilivyo bora kuliko tunavyodhani.

Katika kila tukio tutauliza maswali matatu. Kwanza, je, mwenye ujuzi au mwenye mali aliombwa ridhaa yake, tena kwa lugha anayoielewa? Pili, je, jina lake na haki yake vilihifadhiwa? Tatu, nani alikuwa na uwezo wa kusema basi, na chombo kikasimama?

1. Juu ya istilahi

Kabla ya kuingia katika historia, yafaa tulitazame neno. Lugha yetu ina istilahi tatu zinazoshindana: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Akili mnemba imeenea sana Tanzania. Akili bandia husikika sana Kenya. Akili unde hutumiwa na baadhi ya waandishi wa pande zote mbili. Hatutaki kuamua hapa ni ipi itakayoshinda, kwa sababu istilahi huamuliwa na watumiaji. Lakini neno si chombo kitupu, na kila moja kati ya haya huelekeza fikira upande wake.

Neno bandia, katika matumizi ya kila siku, hutaja kitu cha kuiga au cha uongo: fedha bandia, dawa bandia, nywele bandia. Asikiaye akili bandia huweza kudhani kwamba jambo lenyewe ni la mchezo, na kwamba madhara yake pia ni ya mchezo. Unde, kwa upande mwingine, latokana na kitenzi kuunda, na mtu wa pwani anapolisikia neno kuunda hufikiria kwanza jahazi. Jahazi huundwa na fundi, kwa mbao zilizokatwa mahali fulani, kwa fedha za tajiri fulani, na huendeshwa na nahodha anayejulikana. Likizama, watu huulizana ni nani aliyeliunda na ni nani aliyeliongoza. Ni kwa sababu hiyo tutatumia akili unde katika makala haya: neno hili halimruhusu fundi kujificha nyuma ya kazi yake.

2. Mwalimu wa Malindi, 1498

Vasco da Gama alifika Malindi katikati ya mwezi wa Aprili 1498, baada ya kutoelewana na watu wa Mombasa. Mfalme wa Malindi alimpokea kwa heshima, naye Mreno alikuwa na haja moja kubwa: mtu wa kumvusha hadi Bara Hindi. Kitabu cha safari kilichoandikwa na mmoja wa watu wake chaeleza jinsi haja hiyo ilivyopatikana. Tarehe 22 Aprili mtumishi wa karibu wa mfalme alipopanda merikebuni, nahodha alimzuia na kupeleka habari nchi kavu kwamba anawataka waongozaji aliokuwa ameahidiwa. Mwongozaji akaletwa, na mateka akaachiliwa. Tarehe 24 Aprili merikebu ziling'oa nanga, na tarehe 20 Mei zikawa karibu na Calicut.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba mwongozaji huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Oman. Wataalamu walioichunguza habari hiyo kwa makini wameikataa. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 walimtaja kwa jina la Malemo Cana au Malemo Canaqua, na mmoja wao akasema alikuwa Mwislamu wa Gujarat. Hapa mwanaisimu ana la kusema. Malemo si jina la mtu. Ni neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi mwalimu, na katika bahari hii mwalimu alikuwa mjuzi wa njia za baharini. Nalo Canaqua laelekea kuwa neno la Bara Hindi lenye maana ya mnajimu au mpiga hesabu za nyota. Kwa hiyo kilichobaki katika kumbukumbu ni cheo cha kazi yake kwa lugha mbili. Jina alilopewa na wazazi wake limepotea.

Tukivitumia vipimo vyetu vitatu, twaona kwamba ridhaa ilipatikana kwa kumshika mateka, jina halikuhifadhiwa, na baada ya safari ile hapakuwa na mtu wa pwani aliyeweza kuirudisha nyuma. Mwaka 1505 Wareno waliishambulia Kilwa na kuichoma Mombasa. Malindi, iliyokuwa rafiki, haikuchomwa, lakini urafiki huo haukuiokoa na kudidimia. Mwaka 1593 Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu Mombasa, wakaihamisha huko nasaba ya mfalme wa Malindi, na mji uliomtoa mwongozaji ukabaki kando ya njia aliyoifungua. Haifai tumlaumu mwalimu yule. Alijua njia ya bahari. Hakuweza kujua ni nini kitakachopita katika njia hiyo baada yake.

3. Kamusi za Rabai

Tukio la pili ni la amani, na kwa wasomi wa lugha ni la karibu zaidi. Mwaka 1846 wamishenari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walifanya makao Rabai, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kilifi. Kutokana na kazi yao ilipatikana kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka 1882, baada ya Krapf kufariki, na kamusi ya lugha ambayo wakati ule iliitwa Kinika, iliyochapishwa mwaka 1887. Hakuna mtafiti wa historia ya Kiswahili asiyezifaidi. Maneno mengi ya Kimvita ya karne ya 19 yangalitupotea kama si kalamu za watu wale.

Hata hivyo, kila neno katika kamusi hizo lilitoka kinywani mwa mtu. Wazee, watumishi, mabaharia na wanawake wa Rabai na Mombasa ndio waliokuwa maktaba, na majina yao hayamo katika kurasa za mbele za vitabu. Tunalitaja jambo hili si kwa kuwashutumu waliokufa zamani. Tunalitaja kwa sababu mashine za leo zinajengwa kwa njia iyo hiyo, ila kwa ukubwa usio na mfano: matini ya mamilioni ya watu hukusanywa, majina huachwa, na kitabu hutoka kikiwa na jina la mchapishaji.

4. Kiapo cha Kaya Fungo, 1913 na 1914

Isidhaniwe kwamba watu wa pwani hii walikuwa wapokeaji tu. Wamijikenda walikuwa na utaratibu wao wa kutawala ujuzi wenye hatari. Katika kaya, mambo mazito hayakuwa wazi kwa kila mtu. Yalishikwa na wazee wa kambi, waliopanda daraja kwa umri na kwa kupitishwa. Na viapo, kikiwemo kile cha fisi kilichoogopwa kuliko vyote, vilimfunga mtu kwa neno lake. Mwenye ujuzi mkubwa alikuwa chini ya baraza, na baraza lilikuwa chini ya kiapo.

Mwaka 1913 serikali ya Kiingereza ilipozidi kuwabana Wagiriama kwa kodi ya nyumba na kwa kutaka vijana wao waende kufanya kazi katika mashamba ya wengine, Mekatilili wa Menza pamoja na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya watu Kaya Fungo. Wanaume na wanawake walikula viapo vya kutoshirikiana na utawala huo. Kwa muda, mashine ya serikali ilisimama, kwa maana hapakuwa na wa kuhesabiwa, wa kulipa wala wa kupelekwa. Viongozi hao wawili walikamatwa mwishoni mwa mwaka huo na kupelekwa nchi ya Kisii, wakatoroka na kurudi kwao. Mwezi wa Agosti 1914 serikali iliilipua kaya kwa baruti, na vita vilivyofuata vilikwisha kwa Wagiriama kutozwa faini ya rupia 100,000.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, kusema basi kwawezekana, ikiwa watu wamekubaliana kwa lugha moja na kwa taasisi wanayoiamini. La pili, kiapo peke yake hakishindi baruti; kinahitaji sheria inayokitambua. Wala tusiitukuze kaya kupita kiasi. Baraza lake lilikuwa la wanaume wazee, na aliyeongoza upinzani alikuwa mwanamke mjane aliyesimama nje ya baraza hilo. Utaratibu wowote wa kutawala ujuzi waweza kugeuka kuwa njia ya kuwafungia wengine mlango.

5. Roketi za Ngomeni, 1967 hadi 1988

Kaskazini ya Malindi, katika Ghuba ya Ungwana, yapo majukwaa ya chuma yanayoonekana kutoka ufuoni Ngomeni. Katika maji hayo hayo yalipatikana mabaki ya merikebu ambayo watafiti wanadhani huenda ikawa São Jorge, iliyozama mwaka 1524 katika safari ya mwisho ya Vasco da Gama. Majukwaa hayo, San Marco na Santa Rita, yaliwekwa katika miaka ya 1960 na mradi wa Italia ulioongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, kwa ushirikiano na Marekani iliyotoa roketi aina ya Scout. Mahali hapa palichaguliwa kwa sababu ya tabia ya dunia yenyewe: karibu na Ikweta mzunguko wa dunia huisukuma roketi zaidi, na upande wa mashariki kuna bahari tupu ya kupokea vipande vinavyoanguka.

Setilaiti ya kwanza, San Marco 2, ilirushwa tarehe 26 Aprili 1967. Hadi kufikia ile ya mwisho mwezi wa Machi 1988, setilaiti 9 zilipelekwa angani kutoka Ngomeni. Iliyo mashuhuri kuliko zote ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, nayo ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kupima miale ya eksirei itokayo angani. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339, na Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti huo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Hadi leo mwanaastronomia anapoandika alama 4U mbele ya nambari ya chanzo, herufi U ni ya neno la Kiswahili.

Hili ni jambo la kujivunia, na mchango wake kwa elimu ya binadamu hauna shaka. Lakini turudi kwenye vipimo vyetu. Jina lilikuwa letu, usukani haukuwa wetu. Wataalamu waliohesabu hadi sifuri walitoka Italia, roketi ilitoka Marekani, na takwimu zilisomwa huko huko. Malindi ulipata hoteli, na vijana wake wengi wakajifunza Kitaliano. Lakini kilikuwa Kitaliano cha ufuoni na sokoni, si cha maabara. Malalamiko kuhusu kodi na manufaa ya kituo yalisikika mara kwa mara Bungeni na magazetini.

Upande wa sheria ulikuwa mzito zaidi. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 kuhusu madhara ya vyombo vya angani huihesabu nchi ambayo chombo kimerushwa kutoka ardhi yake kuwa miongoni mwa warushaji, na kwa hiyo yaweza kudaiwa fidia. Maana yake ni kwamba mwenye ufuo aweza kubeba dhima ya chombo asichokiunda wala kukiongoza. Hali hii ilirekebishwa polepole: mapatano mapya yalitiwa saini Trento mwezi wa Oktoba 2016, yakigusa mafunzo na haki ya kupata takwimu, Shirika la Anga la Kenya liliundwa mwaka 2017, na mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa pamoja na wataalamu wa Roma, iliachiliwa angani. Kutoka setilaiti ya kwanza hadi mapatano ya Trento ilipita miaka 49. Swali ni kama akili unde itatungoja kwa muda kama huo.

6. Ridhaa kwa lugha ya mwenyeji: mfano wa Kilifi

Mwaka 1989 ulianzishwa mjini Kilifi mpango wa utafiti wa tiba wa KEMRI na Wellcome Trust ya Uingereza. Tangu mwaka 2000 mpango huo umeweka daftari la vizazi, vifo na uhamaji wa zaidi ya watu robo milioni wanaoishi kuizunguka hospitali ya Kilifi. Daftari la namna hiyo ni ujuzi mkubwa, na lingeweza kuwa kamusi nyingine ya Rabai au Ngomeni nyingine. Kilicholitofautisha ni utaratibu uliojengwa pamoja nalo. Fomu za ridhaa ziliandikwa kwa Kiswahili na Kigiriama, wenyeji walichagua wawakilishi wao wa kukutana na watafiti, na maswali yao juu ya damu, faida na siri yakawa yenyewe sehemu ya utafiti.

Hatusemi kwamba tofauti ya uwezo kati ya mtafiti na mkulima wa muhogo imekwisha. Lakini hapa, kwa mara ya kwanza katika mifano yetu, swali la kwanza linajibiwa kwa utaratibu, si kwa bahati. Tena kazi iliyowezesha jibu hilo ni kazi ya lugha: kutafuta neno la Kigiriama litakalomfanya mama aelewe kwamba utafiti si tiba, na kwamba aweza kukataa bila mtoto wake kunyimwa dawa.

7. Akili unde: maswali yale yale

Sasa tuyalete maswali hayo mbele ya akili unde. Kwa upande wa ridhaa, Kenya ilipata somo lake mwaka 2023, kampuni ya Worldcoin ilipopiga picha za mboni za macho za watu zaidi ya 350,000 na kuwapa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi elfu kadhaa. Serikali ilisimamisha kazi hiyo mwanzoni mwa Agosti, na mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru takwimu hizo zifutwe. Katiba ya 2010 na Sheria ya Kulinda Takwimu ya 2019 zilifanya kazi ambayo kiapo cha Kaya Fungo hakikuweza. Kwa upande wa jina na haki, mwaka huo huo wa 2023 ilifichuliwa kwamba wafanyakazi wa Nairobi walikuwa wamelipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga matini ya ukatili, ili mashine ya kampuni ya OpenAI ijifunze kuyaepuka. Waliisafisha njia ya wengine, nao hawajulikani, kama mwalimu wa 1498.

Lililo zito zaidi kwa wasomaji wa jarida hili ni uwezo wa kusimamisha. Mashine hizi huwekewa vizuizi ili zisimsaidie mtu mwenye nia mbaya. Mwaka 2023 watafiti walizijaribu kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa miongoni mwazo, wakaona kwamba katika lugha zenye matini machache vizuizi hivyo hulegea: lililokataliwa kwa Kiingereza liliweza kujibiwa likiulizwa kwa lugha nyingine. Basi lugha ndiyo ukuta wenyewe, au ndiyo tundu katika ukuta. Ikiwa Kiswahili chenye mamilioni ya wasemaji kiko hatarini, Kigiriama, Kichonyi na Kikauma viko katika hali gani?

Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 28 zilizotia saini tamko la Bletchley mwezi wa Novemba 2023 kuhusu hatari za akili unde, na mwezi wa Machi 2025 ilizindua mkakati wake wa taifa wa mwaka 2025 hadi 2030. Hizi ni hatua njema. Lakini mkakati hauwezi kujua kama mashine imemjibu vibaya mgonjwa wa Ganze kwa Kigiriama. Hilo atalijua msemaji wa Kigiriama aliyepewa kazi ya kuipima, mamlaka ya kuikataa, na mahali pa kupeleka taarifa yake.

Yapo mawazo kwamba masharti yatatunyima maendeleo, na kwamba mwenye njaa hachagui. Historia tuliyoipitia haiyaungi mkono. Malindi haikuweka masharti, na haikupata maendeleo. Ngomeni iliyapata baadhi yake baada tu ya masharti kuandikwa upya. Kilifi iliweka taratibu, na utafiti haukukimbia.

Hitimisho

Tumeona kwamba hatari haikuwa katika ujuzi wenyewe. Kusoma nyota, kuandika kamusi na kurusha setilaiti ni mambo mema. Hatari ilikuwa pale ambapo aliyetoa nyota, neno au ufuo hakuwa na kiti mahali maamuzi yalipofanywa. Kwa hiyo idara za lugha katika vyuo vyetu zina kazi tatu ambazo hakuna mwingine atakayezifanya: kukusanya matini ya Kiswahili na ya lugha za Kimijikenda kwa ridhaa iliyoandikwa katika lugha hizo, kuhifadhi majina ya waliotoa maneno yao, au siri yao wakitaka hivyo, na kuzipima mashine katika lugha zetu kabla hazijaingia zahanati, shule na mahakama.

Kazi ya tatu ndiyo ya haraka. Wanafunzi wanaosema lugha hizo wamo madarasani mwetu, na gharama ya kuwafundisha upimaji ni ndogo ikilinganishwa na ya kuunda mashine. Tukiwakosesha nafasi hiyo, lugha yetu itasafiri kwa nyota iliyosomwa na wengine, na wakati wa kutia nanga hatutakuwa na wa kumwuliza.